Dhamana ya Neno: Akili Unde na Mtunzi wa Munyaka

Swali la nani mwenye utungo ni kongwe katika fasihi ya Kiswahili; halikuzaliwa na tarakilishi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hayakuwafikia wasomi yakiwa yametiwa sahihi na mwenyewe. Yaliishi vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya kwa kushirikiana na mmishonari W. E. Taylor. Baadaye William Hichens aliyachapisha mjini Johannesburg mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akayachunguza upya katika kitabu chake cha mwaka 1979. Baina ya Muyaka na msomaji wa leo, basi, pana mikono mingi: ya waliohifadhi kwa kumbukumbu, ya mkusanyaji, ya mnakili na ya mhariri. Hali kadhalika, miswada kadhaa ya tenzi iliyomo katika maktaba za Ulaya ilipitia kalamu ya Muhamadi Kijumwa wa Lamu, ambaye mbali na kunakili alikuwa mtunzi, mchongaji na mwanamuziki.

Mikono hiyo yote haikumwondolea Muyaka umiliki wa tungo zake. Sababu yake ni kwamba Muyaka alikuwa na watu wa kumjibu. Alipolirusha shairi kuelekea Lamu, alikuwako Zahidi Mngumi wa kulipokea na kulirudisha. Neno la malenga lilikuwa na mwenyewe kwa maana ya kwamba lingeweza kumrudia mlangoni, likamlazimu alitetee, alifafanue au aliombee radhi. Sifa hii ndiyo inayoitwa hapa dhamana ya neno. Mintarafu ya mjadala wa sasa kuhusu akili unde katika utunzi, yafaa mhakiki aanze na dhamana hiyo kabla ya kuuliza kama mashine ina akili au haina, na kama kazi yake inapendeza au haipendezi.

Istilahi yenyewe ingali inatafuta makao. Nchini Kenya wengi husema akili bandia au akili unde, na Tanzania akili mnemba imeenea pia. Neno bandia limebeba hukumu ndani yake: sarafu bandia ni ya kukamatisha mtu, na mtoto wa bandia ni wa kuchezea. Unde, kwa kuwa limetokana na kuunda, halimhukumu mtu kabla ya kusikilizwa. Linasema tu kwamba kitu hiki kimefanywa na mikono. Hilo la pili ndilo litakalotumika hapa, kwa sababu swali la mikono iliyokiunda chombo hiki si dogo.

Munyaka na kalamu za kukodi

Munyaka ni mtaa wa Eldoret, mji ambao wenyeji wake wa makamo wangali wanauita Sisibo kwa kukumbuka shamba nambari 64 la wakati wa walowezi, na ambao ulitunukiwa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024. Jina la mtaa ni la Kikuyu, nalo maana yake ni bahati njema. Hata hivyo, lugha za mtaani ni nyingi kuliko ile iliyoupa jina. Kikuyu, Kalenjin, Kiluhya na Sheng hukutana dukani na kwenye matatu, na Kiswahili ndicho kinachozipatanisha, kikichukua kutoka kila upande. Mwanamke mzee huitwa shosho na mtoto wa jirani Mkalenjin, na mtoto wa Kikuyu humwamkia kogo aliye ng'ambo ya ua bila kuhisi kwamba ametumia lugha ya kigeni.

Eldoret ni mji wa vyuo vilevile. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984 kule Kesses, na Chuo Kikuu cha Eldoret kilipata hati yake mwaka 2013. Vyuo huzaa wahitimu kwa kasi ambayo ajira haiifuati. Tangu nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009 na kuifanya intaneti iwe rahisi zaidi, vijana wengi wa Kenya wenye shahada walijipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani, Uingereza na kwingineko insha na tasnifu. Kazi hiyo waliiita kwa ufupi uandishi. Aliyeifanya aliandika kuhusu tamthilia za Shakespeare usiku, kwa jina la mtu asiyemjua, akalipwa kwa ukurasa, na asubuhi hakuwa na kitu cha kumwonyesha mzazi wake isipokuwa fedha ya kodi ya nyumba. ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, kazi hiyo ilianza kukauka. Mteja aliyekuwa akimkodi kijana wa Kenya alipata kalamu nyingine ya kukodi isiyolala wala isiyodai malipo ya ziada wikendi.

Kuna kinaya hapa ambacho mhakiki wa fasihi hapaswi kukipita. Mwezi Januari 2023 jarida la Time lilieleza kwamba wafanyakazi jijini Nairobi walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa ili wasome na kuainisha maandishi ya kutisha, kusudi mashine ya kampuni ya OpenAI ifundishwe kuyaepuka. Kwa hiyo, chombo kilichompokonya riziki mwandishi wa kukodi kilisafishwa kwa jasho la Wakenya wengine wasiotajwa jina. Mkenya amekuwa ndani ya mashine hii tangu mwanzo, ila amekuwamo kama Kijumwa aliyefutwa jina. Anayedai kwamba akili unde ni jambo la kigeni lililoivamia fasihi yetu kutoka nje hajaitazama mikono iliyoiunda.

Hadithi ya wanawake wawili

Katika hali hiyo ndimo alimojikuta mtunzi mmoja wa Munyaka, mwanamke mwenye shahada ya elimu aliyepata kuishi kwa uandishi wa kukodi. Kazi ilipopungua alirejea kwenye azma aliyokuwa ameiweka kando miaka mingi: kuandika hadithi fupi kwa jina lake mwenyewe. Hadithi hiyo ilihusu kipindi kilichofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Katika ghasia za kipindi hicho watu 1,133 waliuawa nchini kwa mujibu wa Tume ya Waki iliyotoa ripoti yake mwezi Oktoba 2008, na Eldoret pamoja na viunga vyake ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Waliohamishwa makwao walipiga mahema katika uwanja wa maonyesho wa mji huo. Fasihi ya Kiswahili haikulinyamazia jambo hilo: riwaya ya Assumpta K. Matei, Chozi la Heri (2014), ililiingiza hadi katika madarasa ya shule za sekondari.

Kiini cha hadithi ya mtunzi huyo ni kidogo. Wanawake wawili ni majirani. Mmoja huuza maziwa na mursik. Mwingine hununua kila asubuhi. Mnunuzi anajua, na muuzaji anajua kwamba anajua, nani wa ukoo wa muuzaji aliyeonekana siku nyumba ya mnunuzi ilipoungua. Miaka imepita na hawajawahi kulizungumza. Husalimiana, huulizana habari za watoto, na sarafu hupita kutoka mkono hadi mkono. Hadithi nzima imo katika kile kisichosemwa.

Mtunzi aliitumia mashine kwa namna tatu, na yafaa kila moja ipimwe peke yake, kwa kuwa mjadala mwingi kuhusu suala hili hukosea kwa kuziunganisha.

Kwanza, aliitumia kama karani. Aliipa rasimu na kuiuliza ni wapi tarehe zinapingana, ni wapi mhusika ana umri usiolingana na miaka iliyotajwa, na ni sentensi zipi zimerudia neno moja pasipo sababu. Hapo ilimfaa. Iligundua kwamba mtoto aliyezaliwa kambini alikuwa amefika darasa ambalo umri wake haukuruhusu. Kazi kama hiyo imefanywa siku zote na mhariri, na mtunzi wa mtaani asiye na mhariri hana sababu ya kuona haya kuipata kwingine.

Pili, aliitumia kama msanifishaji wa lugha, na hapo pakawa na hasara. Mashine iliondoa shosho ikaweka bibi. Ikaondoa mursik ikaweka maziwa ya mgando. Sentensi ya mchuuzi iliyokatika katikati ikakamilishwa kwa upatanisho wa kisarufi usio na dosari. Kila badiliko likitazamwa peke yake lilikuwa na hoja. Yakijumlishwa, mtaa ulihama. Wanawake wale hawakuwa tena wa Munyaka wala wa mahali popote. Walisema kama wasomaji wa taarifa ya habari. Jambo hili lina chanzo chake. Mashine ya aina hii hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo, na maandishi mengi ya Kiswahili yanayopatikana kwenye mtandao ni ya habari, ya dini, ya serikali, na tafsiri. Usemi wa ua kwa ua ni haba humo. Kwa hiyo, chombo hakikuwa na uadui na Munyaka, hakikuwahi kuisikia. Miradi kama Kencorpus, ambayo watafiti wa vyuo vikuu vya Kenya waliitumia kukusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya, ni hatua njema, walakini safari ingali ndefu.

Tatu, aliitumia kama mtunzi mwenzake. Aliiomba iandike mwisho wa hadithi. Mashine iliandika kwamba asubuhi moja muuzaji alilia, mnunuzi akamshika mkono, wakasimuliana yote, wakasameheana, na watoto wao wakapanda mti uani ili uwe ukumbusho wa umoja. Kiswahili chake kilikuwa safi. Msomaji asiye mwenyeji angeweza hata kuguswa moyo.

Uongo wa mwisho huo ni wa namna ambayo uhakiki wa fasihi unapaswa kuutambua mara moja. Upatanisho uliotajwa haukutokea, na pengine hautatokea. Kuuandika kungekuwa ni kuwanyang'anya wanawake wale wawili kitu walichokijenga kwa taabu kwa miaka mingi, yaani njia ya kuishi jirani bila kusameheana kwa maneno na bila kulipizana kisasi. Ukimya wao ni kazi ya mikono yao. Mashine hukisia neno linaloelekea kufuata kwa kuzingatia yale yaliyokwisha kuandikwa, na yaliyoandikwa kuhusu ghasia na amani, katika ripoti, hotuba na maazimio ya semina, aghalabu huishia kwa upatanisho. Ilitoa, kwa uaminifu kabisa, mwisho ambao taifa hupenda kujisimulia. Mtunzi aliufuta.

Hata hivyo, haingekuwa haki kuishia hapo. Katika mashauriano hayohayo mashine ilipendekeza kwamba hadithi iishie siku moja kabla ya pale mtunzi alipokuwa amekusudia, yaani kabla muuzaji hajaugua na kukosa kuja. Pendekezo hilo lilikuwa jema. Mtunzi alilichukua, na hadithi ikapata nguvu: sasa inamalizika kwa mnunuzi kuhesabu sarafu za kesho na kuziweka dirishani. Sarafu za dirishani ni zake mtunzi. Kuikata siku ile ya mwisho si wazo lake. Je, hadithi ni ya nani?

Vina, mizani na pumzi

Kabla ya kulijibu swali hilo, inafaa kuyapima madai ya mashine mahali ambapo mtu angetarajia ishinde kwa wepesi, yaani katika ushairi wa kimapokeo. Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), aliziweka kanuni za vina na mizani kwa uwazi unaomtamanisha fundi wa hesabu. Mashairi huru ya Euphrase Kezilahabi katika Kichomi (1974) yalipozua mgogoro baina ya wanamapokeo na wanausasa, baadhi ya wanausasa waliona kwamba kuhesabu mizani ni kazi ya ufundi tu, roho ya shairi ikiwa kwingine. Kama ni ufundi tu, mashine ingaliiweza kuliko binadamu.

Kinyume chake ndicho kinachoonekana mara kwa mara. Mashine ikiombwa shairi la tarbia la mizani kumi na sita, hutoa mshororo wa kumi na nne, kisha wa kumi na saba, na kina cha ukwapi hupotea kufikia ubeti wa pili. Sababu ni ya kiufundi. Mashine hizi haziyasomi maneno kwa silabi. Huyakata vipande kulingana na jinsi herufi zinavyojirudia katika maandishi zilizofundishwa. Neno wamekwishaondoka lina mizani saba masikioni mwa Mswahili yeyote. Mashine huenda ikalikata vipande vitatu au vinne ambavyo havina uhusiano na pumzi ya msemaji. Katika neno mtoto, ile m ya mwanzo ni mizani kamili kwa sababu mdomo huifunga na kuitamka peke yake. Mashine haina mdomo. Pengine zijazo zitahesabu vyema zaidi, ila udhaifu huu umekwisha kutufunulia jambo: mizani haikuwa hesabu tu. Ilikuwa ni mwili wa mghani uliowekwa katika maandishi. Wanamapokeo walilijua hilo ingawa hawakulisema kwa maneno hayo, na wanausasa, walipoiacha hesabu, waliishika pumzi kwa njia nyingine.

Alan Turing, katika makala yake ya mwaka 1950 kuhusu mashine na fikra, aliwazia mahojiano ambamo mashine inaombwa itunge soneti, nayo inakataa ikidai haina kipawa hicho. Mashine za leo hukataa kwa nadra. Utayari huo wa kutunga karibu chochote, kwa yeyote, kuhusu karibu lolote, ndio unaozitofautisha na malenga. Mwana Kupona alipoutunga utendi wake mwaka 1858 alikuwa na binti mmoja mbele yake, na maradhi mwilini. Hakuwa na jambo jingine la kusema, wala mtu mwingine wa kumwambia kwanza.

Mwenye kazi na mwenye kujibu

Sheria imekwisha kulijibu swali la umiliki kwa namna yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba mtunzi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta ni mtu aliyefanya maandalizi yaliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane. Nchini Marekani, kinyume cha hayo, mahakama moja ya Washington iliamua mwezi Agosti 2023, na mahakama ya rufani ikathibitisha mwezi Machi 2025, kwamba hakimiliki haiwezi kutolewa kwa kazi isiyo na mtunzi binadamu. Huko Japani, Rie Kudan alipopata Tuzo ya Akutagawa mwezi Januari 2024 alisema kwamba takriban asilimia 5 ya riwaya yake ilitoka kwa ChatGPT; baadaye alifafanua kwamba maneno hayo ni ya sehemu ambamo akili unde inazungumza ndani ya riwaya.

Kwa kipimo cha sheria ya Kenya, hadithi ya Munyaka ni ya mtunzi wake pasipo shaka, na hata mwisho ule wa mti na machozi ungalikuwa wake laiti angaliuacha. Hapa ndipo kipimo cha sheria na kipimo cha fasihi vinapoachana. Sheria huuliza nani atakayepokea mrabaha. Fasihi, kwa jadi ya Kiswahili, huuliza nani atakayejibu. Mtunzi anaweza kumjibu jirani yake akiulizwa kwa nini aliikata siku ya mwisho: atasema kwamba ugonjwa ungewapa wasomaji ruhusa ya kuwahurumia wahusika, na wahusika hawakuomba huruma. Wazo lilitoka kwa mashine. Sababu ni ya mtunzi, na sababu ndiyo dhamana. Akiulizwa kwa nini wanawake walilia na kusameheana, asingekuwa na jibu lolote isipokuwa kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Neno ambalo aliyelitoa hana jibu lake ni neno lisilo na mwenyewe, hata kama hati ya hakimiliki imo sandukuni.

Kanuni hii si ngeni kwa idara za fasihi. Mwanafunzi wa uzamili hutetea tasnifu yake kwa mdomo mbele ya jopo, na utetezi huo ni ndugu wa malumbano ya Muyaka na Zahidi Mngumi. Ni busara zaidi kuupanua utaratibu huo hadi katika kozi za utunzi kuliko kutunga marufuku isiyotekelezeka au kununua programu za kubaini maandishi ya mashine. Programu hizo hukosea, na aliyeandika kwa ufasaha uliosanifishwa huweza kuhukumiwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Mwanafunzi na aulizwe kuhusu neno moja, kisha jingine: limetoka wapi, kwa nini hili wala si lile, nani katika mtaa wake husema hivyo. Asiye na jibu atajulikana, awe alikopa kwa mashine, kwa rafiki au kwa kitabu cha mwongozo.

Fauka ya hayo, jadi ya tenzi imetuachia desturi iliyo tayari kwa matumizi. Mwishoni mwa utendi mtunzi alizoea kujitaja, kutaja mwaka, na kuwaomba wasomaji wamrekebishe palipo na kasoro. Khatima ya namna hiyo inaweza kuandikwa leo kwa mistari michache chini ya hadithi: jina la mtunzi, mahali, mwaka, ni chombo gani kilichotumika, na kwa kazi ipi. Anayeandika hivyo hajishtaki. Anamwambia msomaji mlango wa kubisha ni upi, na kwamba akibisha, yupo mtu ndani atakayeitika.